Uzito Upi? Kuandika Maelezo ya Zana kwa Wakala wa Akili Bandia

Wakati wa likizo kubwa, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye anasoma informatika, alikuja nyumbani kwetu Manika na kompyuta yake mkobani. Alikuwa ametengeneza msaidizi wa akili bandia kwa ajili ya ushirika mmoja wa wachimbaji wa mikono, ambao sitautaja jina. Katibu wa ushirika huandika kwenye simu kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa. Msaidizi husoma, huhesabu malipo ya mchimbaji, kisha huandika mauzo kwenye daftari la kompyuta. Wiki mbili za kwanza kila mtu alifurahi. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja mwenye shimo, wale wanaoitwa PDG kwenye machimbo yetu, karatasi mkononi. Mizani ilikuwa imesoma kilo 2,000. Madini yake yalikuwa na maji, naye alikubali kwamba asilimia 10 ya unyevu lazima itolewe, kwa hiyo alitegemea kulipwa kilo 1,800. Karatasi ilisema 1,620. Akauliza swali moja tu: «Ile mashini yenu, inaibaka?»

Hakuna aliyeiba. Kilo 180 zilipotea ndani ya neno moja, neno «uzito». Mdogo wangu alikuwa amekesha usiku mzima akitafuta kosa kwenye programu na hakulipata. Asubuhi akaniambia: «Yaya, programu iko muzuri. Shida iko mu maneno.» Ndiyo maana naandika katika jarida la kitivo cha lugha jambo ambalo wengi wangelipeleka kwa watu wa kompyuta. Nataka kuonyesha kwamba kueleza zana kwa wakala wa akili bandia ni kazi ya lugha, na kwamba ikifanywa vibaya kuna mtu anayeilipia.

Wakala anasoma nini?

Tuanze na maana. Wakala, au ajenti kama tunavyosema hapa, ni programu inayotumia modeli ya lugha si kwa kujibu maswali tu, bali kwa kufanya kazi hatua kwa hatua. Modeli yenyewe haiwezi kufungua daftari wala kutuma ujumbe. Inachoweza ni kuandika maneno. Kwa hiyo mtengenezaji huipa zana: programu ndogondogo, kila moja na kazi yake. Modeli ikitaka kutumia zana, huandika jina la zana hiyo na thamani za vigezo vyake. Programu inayoizunguka huendesha zana, kisha humrudishia jibu kwa maandishi. Modeli husoma jibu hilo na kuamua hatua inayofuata.

Jambo la kukumbuka ni kwamba katika mpango wa kawaida modeli haioni programu iliyo ndani ya zana. Inaona vitu vitatu: jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vigezo. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu ulio wazi uitwao Model Context Protocol, ambao unawezesha zana ya mtu mmoja kutumiwa na wakala wa mtu mwingine. Hapo pia zana hujitambulisha kwa jina, maelezo na vigezo. Kwa wakala, maelezo ndiyo zana. Kilichoachwa nje ya maelezo hakipo.

Sasa tazama maelezo ambayo mdogo wangu alikuwa ameyaandika kwa zana iliyoitwa hesabu_malipo:

«Inahesabu malipo. Vigezo: uzito, unyevu, teneur.»

Katibu alikuwa na mazoea yake ya miaka mingi: hutoa unyevu mwenyewe kwa kikokotoo, halafu anaandika uzito mkavu. Siku ile aliandika kwamba uzito ni 1,800 na unyevu ni 10. Wakala akapeleka namba hizo kama zilivyo. Lakini zana, ndani yake, nayo hutoa unyevu. Ikatoa asilimia 10 ya 1,800, ikabaki 1,620. Katibu hakukosea, zana haikukosea, na wakala alifuata alichoandikiwa. Uzito wa katibu ulikuwa uzito mkavu. Uzito wa zana ulikuwa uzito wa mizani. Hakuna sentensi yoyote iliyosema hivyo.

Msomaji asiyeona chungu

Mama akikutuma sokoni na kusema «leta mafuta», huulizi mengi. Unatupa jicho kwenye chungu kilicho juu ya mbabula. Kama ni sombe, unaleta mawese. Neno «mafuta» halikutosha, ila chungu kilijazia. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika mhadhara alioutoa Harvard mwaka 1967 na kuchapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo yanawezekana kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anashirikiana naye: anasema kiasi kinachohitajika, anasema kweli, anasema linalohusu, na anasema kwa uwazi. Tunaposoma Grice darasani tunapenda mifano ya watu wanaosema kidogo na kueleweka sana. Tunasahau kwamba wanaeleweka kwa sababu wako mahali pamoja na wanajuana.

Wakala hana chungu cha kutazama. Hajawahi kusimama depo jua kali akaona jinsi mizani inavyosomwa. Anaweza kuuliza, lakini mara nyingi, kama hakuelekezwa kuuliza, hujaza pengo kwa maana inayoelekea zaidi na kuendelea na kazi. Mtumishi mgeni angesita, na kusita kwake kungekuonya. Wakala hujaza pengo kwa sentensi nzuri isiyo na dalili ya wasiwasi.

Kwa hiyo kanuni ya Grice juu ya kiasi inabadilika uzito. Kwa rafiki, kusema lililo dhahiri ni kumchosha. Kwa wakala, lililo dhahiri ndilo la kusema kwanza: uzito kabla ya kutoa unyevu au baada yake, kwa kilo au kwa tani, asilimia 10 huandikwa 10 au 0.1, malipo ni kwa franka au kwa dola. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku ndiye mwenye shida zaidi ya kuyaandika haya, kwa kuwa hayaoni tena.

Lakini kusema kila kitu pia si dawa. Maelezo ya zana zote huwekwa mbele ya modeli pamoja na maneno ya mtumiaji, na nafasi hiyo ina mpaka. Mdogo wangu, baada ya aibu ile, aliandika kurasa mbili kwa zana moja, akaweka hata historia ya ushirika. Tukazifuta. Swali la kujiuliza kwa kila sentensi ni hili: nikiiondoa, je, msomaji asiyetujua anaweza kufanya kitu tofauti? Kama hapana, iondoke.

Maneno yanayotenda

Kosa la pili lilikuwa la aina nyingine. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi na mtandao ukayumba. Wakala alikuwa ameita zana ya andika_mauzo, na zana ikarudisha neno moja: «Imeshindikana.» Wakala akajaribu tena. Ikashindikana. Akajaribu mara ya tatu, ikakubali. Kesho yake mzigo mmoja ulikuwa umeandikwa mara tatu. Kumbe mauzo yalikuwa yakiandikwa kila mara. Kilichoshindikana ni jibu kurudi.

J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1962, alitufundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Hakimu akitamka hukumu, haelezi hukumu, anaifanya. Maneno ya wakala anapoita zana ni ya jamii hiyo. Akiandika andika_mauzo kwa namna inayotakiwa, mauzo yameandikwa. Basi maelezo ya zana lazima yaseme wazi ni tendo la aina gani. Zana nyingine hutazama tu. Nyingine huongeza. Nyingine hufuta, na kilichofutwa hakirudi. Toleo la Machi 2025 la utaratibu nilioutaja hapo juu liliongeza alama maalumu za jambo hili: kama zana inasoma tu, kama inaweza kuharibu, na kama kuirudia kwa vigezo vilevile hakuongezi athari. Utaratibu huo wenyewe unaonya kwamba alama hizo ni dokezo, si dhamana. Mtu anaweza kuandika «inasoma tu» kwenye zana inayofuta.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, tena husomwa wakati mbaya zaidi. «Imeshindikana» haisemi kama tendo lilitokea, wala nini kifuatie. Tuliibadilisha ikawa majibu mawili tofauti. La kwanza: «Haikuandikwa. Unaweza kujaribu tena.» La pili: «Haijulikani kama imeandikwa. Usirudie. Tafuta kwanza kwa namba ya risiti.» Pia mdogo wangu alibadilisha zana yenyewe ili ikatae risiti ileile kuandikwa mara mbili. Hili lazima niliseme kwa uaminifu: maelezo mazuri hayafuniki zana mbaya. Pale ambapo programu inaweza kuzuia kosa, izuie.

Kiswahili kipi?

Hapa ndipo sisi wa Lualaba tuna la kusema ambalo halimo katika miongozo ya Kiingereza. Mdogo wangu aliandika maelezo ya zana ya ripoti hivi: «Inatumika usiku.» Alikuwa na maana kwamba zana hufanya kazi yenyewe kila usiku. Katika Kiswahili cha Katanga, kutumika ni kufanya kazi: baba anatumika ku mine. Katika Kiswahili sanifu, kutumika ni kutendwa na mtumiaji: kisu kinatumika kukatia nyama. Modeli hizi zimesoma Kiswahili cha Tanzania na Kenya kwa wingi kuliko chetu, kwa sababu ndicho kilichoandikwa zaidi. Katibu alipoomba ripoti saa sita mchana, wakala akamjibu kwa adabu kwamba ripoti hutumiwa usiku tu, asubiri.

Vilevile neno «muuzaji». Katika ushirika, mchimbaji anauza kwa ushirika na ushirika unauza kwa depo. Muuzaji ni nani? Inategemea umesimama upande gani. Katibu alipoandika «tafuta muuzaji wa jana», alimtaka mchimbaji. Wakala akaleta jina la ushirika wenyewe. Hatukulirekebisha kwa maelezo marefu. Tuliliondoa neno. Zana zikaitwa tafuta_mchimbaji na tafuta_depo, na utata ukaisha.

Lakini Kiswahili chetu si shida tu. Kina silaha ambayo sanifu haina kwa umbo hilo. Yule mzee hakuuliza «imeiba?» wala «inaiba?» Aliuliza «inaibaka?» Kiishio -ka hapa kinaonyesha mazoea. Alitaka kujua kama ni kosa la siku moja au ni tabia ya mashine. Hiyo ndiyo tofauti ambayo maelezo ya zana yanahitaji kila mara: zana inatuma ujumbe sasa hivi ukiiita, au hutuma wenyewe kila siku? Katika sanifu tulitumia hu- kwa mazoea na «ukiiita» kwa tendo la mara moja, tukashika utaratibu huo kwenye zana zote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejua tofauti ya njeo na hali anaweza kuona kasoro ambayo mtengenezaji programu haioni.

Kitabu cha amri

Kumbukumbu ya maelezo ya aina hii tunayo tangu zamani. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 na kukusanya wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya kambi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alichunguza orodha za msamiati na vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu wa enzi zile. Vingi vilimtumikia mtu anayetoa amri: fanya hivi, leta kile, nenda pale. Nafasi ya mfanyakazi kuuliza ilikuwa finyu.

Kazi ilifanyika hata hivyo, kwa sababu mfanyakazi alijaza pengo la kitabu kwa akili yake. Alitazama mkono wa msimamizi ulikoelekea, alimtazama mwenzake aliyetangulia. Na alipokosea kujaza, ni yeye aliyeadhibiwa, si mwandishi wa kitabu.

«Inahesabu malipo» ni sentensi ya kitabu kile kile. Inamdhania msomaji anayejua tayari. Leo pengo linajazwa na wakala, ambaye haumii akikosea. Anayeumia ni mchimbaji aliyeshuka shimoni.

Maelezo mapya

Baada ya siku nne za kukaa na katibu, kumsikiliza jinsi anavyosema na kuandika, maelezo ya zana ya kwanza yalikuwa hivi:

hesabu_malipo
Kazi: kuhesabu kiasi ambacho ushirika unapaswa kumlipa mchimbaji kwa mzigo mmoja. Inahesabu tu, haiandiki wala haibadilishi chochote kwenye daftari.
Itumie: katibu akiwa na uzito wa mizani, unyevu na kiwango cha shaba (teneur) vya mzigo huohuo.
Usiitumie: kwa pesa ambazo depo inadaiwa na ushirika. Kwa hizo kuna hesabu_deni_la_depo.
uzito_wa_mizani_kg: kilo zilizosomwa kwenye mizani, kabla ya kutoa unyevu. Zana yenyewe itatoa unyevu. Mfano: 2000.
unyevu_asilimia: namba kati ya 0 na 100. Kwa asilimia kumi andika 10.
shaba_asilimia: kama kipimo kilivyosoma. Mfano: 3.5.
Kama hujui iwapo katibu amekwisha kutoa unyevu, usikisie. Muulize.
Jibu: uzito wa mizani, uzito mkavu, na malipo kwa franka za Kongo. Mwonyeshe katibu vyote vitatu.

Ona mambo manne. Jina la kigezo limebeba maana na kipimo chake, hata mtu asiposoma maelezo. Kuna sehemu ya «usiitumie», ambayo inamtaja mwenzake wa karibu. Bila hiyo zana mbili zinazofanana hugombania kazi moja. Kuna ruhusa ya kuuliza, ambayo kitabu cha amri hakikuwa nayo. Na jibu linaonyesha namba za katikati, ili jicho la mtu lione kosa kabla pesa hazijatoka.

Kisha tukapima. Nilichukua sentensi 20 ambazo katibu alikuwa ameziandika kweli, pamoja na makosa yake ya tahajia na Kifaransa chake, tukampa wakala mmoja baada ya nyingine bila kuzisafisha. Hii si mbinu mpya. Ndiyo tunayoijua ya utafiti wa uwandani: usimpe mtoa habari sentensi ulizojitungia, sikiliza anazosema. Sentensi mbili bado zilimpotosha wakala. Moja ilikuwa na neno «mzigo» likiwa na maana ya gari zima, si mzigo wa mchimbaji mmoja. Tukarudi kwenye maelezo. Kipimo kingine ni cha bure kabisa: nilimpa mwanafunzi mwenzangu, ambaye hajawahi kufika depo, maelezo hayo pamoja na sentensi za katibu, nikamwomba ajaze vigezo kwa kalamu. Pale aliposita na kuniuliza, niliandika swali lake pembeni. Karibu kila swali lake lilikuwa sentensi iliyokosekana.

Ombi kwa kitivo

Tuna kozi za tafsiri, za fonolojia, za mtindo. Naomba tufikirie zoezi moja la semina kila mwaka: wanafunzi wa lugha wakae na wanafunzi wa informatika, wachukue zana moja inayotumiwa hapa mjini, iwe ya duka la dawa, ya shule au ya ushirika, na waandike maelezo yake upya pamoja. Mwanafunzi wa lugha alete maswali yake ya kila siku: nani anasema, kwa nani, neno hili lina maana ngapi hapa, ni kipi kimeachwa bila kusemwa. Mwanafunzi wa informatika alete zana na makosa yake.

Yule mzee alilipwa kilo zake 180 wiki ile ile. Alipoletewa karatasi mpya, yenye uzito wa mizani, unyevu na uzito mkavu, kila kimoja kwenye mstari wake, aliisoma polepole kwa kidole, akapiga hesabu yake kichwani, kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Hakusema kwamba ameridhika. Alisema atakuja na mzigo mwingine Jumatatu, na kwamba ataisoma hiyo nayo.